"Dawa Imemkataa": Homa na Upele Vinatoka kwa Nani?

Katika foleni za zahanati na vituo vya afya, kuanzia Mwanjelwa jijini Mbeya hadi Ipogolo mjini Iringa, husikika kauli moja fupi inayobeba historia nzima ya mgonjwa: "Dawa ilimkataa." Husemwa na mama aliyemleta mwanawe, na mume anayemjibia mkewe, na wakati mwingine na mhudumu mwenyewe anapomweleza mwenzake kwa nini dozi ilikatizwa. Kisha kalamu huteremka katika daftari la mgonjwa, lile daftari la shule linalotunzwa pamoja na kadi za kliniki, na kuandika maneno mawili: "aleji – salfa", au "aleji – penisilini". Tarehe haipo. Maelezo ya kilichotokea hayapo. Daftari likijaa, maneno hayo huhamia katika daftari jipya, au hupotea pamoja na la zamani.

Kauli ya watu ina ukweli ndani yake, na haifai kubezwa. Inakiri kwamba dawa ile ile iliyomponya jirani inaweza kumdhuru mwingine, jambo ambalo sayansi ya tiba ilichukua muda kulieleza. Kasoro yake ni kwamba imembadilisha mtenda. Dawa haina uwezo wa kumkataa mtu. Anayekataa ni mwili, na katika mwili ni seli, zile chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo hupokea ishara, huzitafsiri na kuchukua hatua. Homa, mwasho, uvimbe, upele na malengelenge ni hatua hizo. Mgonjwa na mhudumu wasipojua ni seli zipi zilizofanya nini, na lini, neno "aleji" hugeuka hukumu isiyo na ushahidi: humnyima mtu dawa anayoihitaji maisha yake yote, au humrudishia dawa iliyokaribia kumuua.

Mfano ulio karibu na kila nyumba ni homa. Wakazi wa Kyela, kwenye joto la mwambao wa Ziwa Nyasa, na wale wa mabonde ya mpunga ya Usangu na Pawaga, wanaijua malaria kwa karibu kuliko wenzao wa miji ya Mbeya na Iringa iliyo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, kote huko neno homa na neno malaria hutumika kana kwamba ni kitu kimoja, na homa yenyewe hudhaniwa kuwa ni mdudu akitembea mwilini. Sivyo ilivyo. Kimelea cha malaria huzaliana kimyakimya ndani ya chembe nyekundu za damu, na kwa muda huo mtu anaweza asihisi chochote. Chembe zinapopasuka, kila baada ya saa 48 hivi, mabaki ya vimelea humwagika katika damu. Hapo ndipo walinzi huamka. Seli nyeupe zenye kazi ya kumeza takataka na wavamizi hugusana na mabaki hayo kwa vipokezi vilivyo juu ya ngozi yake, na mara moja hubadili tabia: huanza kutengeneza na kumwaga kemikali za kuitana, ziitwazo saitokini. Kemikali hizo hufika hadi kwenye mishipa ya damu ya ubongo, ambako husababisha kutengenezwa kwa prostaglandini, na prostaglandini hupandisha kipimo cha joto ambacho ubongo unakiona kuwa ndicho sahihi.

Kuanzia hapo kila kitu kinaeleweka. Ubongo umeamua kwamba nyuzi 37 ni baridi. Misuli inatetemeshwa ili izalishe joto, mishipa ya ngozi inabanwa, na mgonjwa anaomba blanketi la pili ilhali paji la uso wake linaunguza kiganja cha mtu anayemgusa. Parasetamoli hushusha homa kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini, na ndiyo maana haiui kimelea hata kimoja. Mtoto aliyepoa baada ya kijiko cha dawa hiyo bado ana ugonjwa uleule. Wazazi wengi wameelezwa jambo hili kama amri tu, "usiishie kwenye panadoli", na wachache wameelezwa sababu yake. Amri isiyo na sababu husahaulika mtoto akianza kucheza.

Dalili, basi, inaweza kuwa kazi ya mwili huku chanzo kikiwa mvamizi. Jambo hilo likikubaliwa, linafuata la pili ambalo ni gumu zaidi: dalili inaweza kuja baada ya dawa, ikafanana kabisa na madhara ya dawa, na bado isiwe mzio.

Mfano wake uko katika kliniki za wajawazito. Mama anapohudhuria mara ya kwanza hupimwa, pamoja na mengine, kaswende. Akikutwa nayo, huchomwa sindano ya penisilini ya benzathini, dawa inayomtibu yeye na mtoto aliye tumboni. Katika saa chache zinazofuata baadhi ya wagonjwa hupata homa, kutetemeka, kuumwa kichwa na misuli, na wenye upele wa kaswende huona upele ukiwiva zaidi. Mjamzito anaweza hata kuhisi tumbo likibana. Kesho yake hali hutulia. Nyumbani litasemwa neno moja tu: sindano ilimkataa. Na akirudi kliniki kwa sindano ya pili, yuko mhudumu atakayeandika kwa nia njema kabisa: "aleji – penisilini".

Kilichotokea ni kinyume cha kukataliwa. Dawa imefanya kazi kwa kasi, bakteria wamekufa kwa wingi, na vipande vya miili yao vimeziamsha seli zilezile zinazoamshwa na malaria. Hali hiyo ilielezwa na Adolf Jarisch mwaka 1895 na Karl Herxheimer mwaka 1902, na mpaka leo huitwa kwa majina yao. Afrika Mashariki inaijua pia kupitia homa za kujirudia, zikiwamo ile inayoletwa na papasi katika nyumba za udongo na ile ya chawa iliyosumbua sana Ethiopia. Huko Addis Ababa ndiko ulikopatikana ushahidi ulio wazi kuliko wote. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, wagonjwa wa homa ya chawa walipewa, kabla ya penisilini, kingamwili zilizotengenezwa katika kondoo kwa ajili ya kuinasa saitokini moja tu. Waliopata kinga hiyo, karibu nusu yao ndio walioingia katika mtetemeko. Wasioipata, walikuwa karibu 9 kati ya 10. Penisilini ilikuwa ileile na bakteria walikuwa walewale. Kilichobadilishwa ni sauti ya seli, na dalili zikapungua.

Mama aliyeandikiwa mzio kwa sababu hiyo anabeba hasara kubwa. Kwa kaswende ya mjamzito hakuna dawa inayoaminika badala ya penisilini, na mtoto anaweza kuzaliwa mfu au na ugonjwa kwa sababu ya neno moja lililoandikwa harakaharaka. Katika nchi ambako watu wenye maandishi ya namna hiyo wamepimwa upya kwa utaratibu, ilionekana kwamba takriban 9 kati ya 10 walioitwa wenye mzio wa penisilini hawakuwa nao, au walikuwa wameshaupoteza kwa miaka kupita. Hakuna sababu ya kudhani kwamba madaftari ya Nyanda za Juu Kusini yana usahihi zaidi.

Mzio wa kweli wa haraka una tabia yake, na ni rahisi kuutofautisha na hayo kwa mtu anayetazama saa. Mara ya kwanza mtu anapokutana na dawa huenda asipate lolote. Ni mara hiyo ambapo mwili wake hutengeneza kingamwili za aina ya pekee, ambazo hujipachika juu ya seli zinazokaa chini ya ngozi, katika njia ya hewa na katika utumbo. Seli hizo zimejaa vifuko vya histamini. Dawa ikirudi, hugusa kingamwili mbili au zaidi kwa pamoja, na vifuko hufunguka. Ni suala la dakika, mara chache zaidi ya saa moja. Ngozi inatoka mabaka yaliyovimba na kuwasha, midomo na kope zinajaa, kifua kinabana na kutoa mlio, tumbo linakata, shinikizo la damu linaporomoka. Piritoni hutuliza mwasho lakini haiokoi mtu ambaye pumzi inamwishia. Kinachookoa ni adrenalini, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, katika msuli wa paja upande wa nje, bila kusubiri. Dawa hiyo ni ya bei ndogo. Mahali popote panapochomwa sindano, hata zahanati ya mwisho wa barabara katika milima ya Rungwe, kichupa chake kinapaswa kuwa mezani, kisiwe ndani ya kabati ambalo ufunguo wake uko na mtu aliyekwenda kwenye semina.

Mwasho nao unaweza kudanganya. Watu wazima wanaikumbuka klorokwini, na jinsi ilivyowafanya wajikune usiku kucha bila kipele hata kimoja. Wengi waliuita mzio na wakaikimbia dawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionesha kwamba klorokwini hugusa moja kwa moja kipokezi fulani kilicho kwenye seli za neva zinazopeleka habari ya mwasho. Histamini na kingamwili hazikuwa mhusika mkuu, na ndiyo maana dawa za kawaida za mzio hazikuwasaidia sana.

Sehemu inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi, hasa katika mikoa hii, ni mzio unaochelewa. Huu hauji kwa dakika. Huja baada ya siku nne hadi wiki nne tangu dozi ya kwanza, wakati mgonjwa ameshaizoea dawa na pengine ameshaimaliza, na kwa hiyo mara nyingi haihusishi nayo. Huanza na homa, macho kuwasha na koo kuuma, mambo ambayo kila mtu huyaita mafua. Kisha vinatokea vidoa vyeusi-vyekundu kifuani na usoni, ngozi inauma ikiguswa, midomo inachubuka, macho yanajaa usaha, sehemu za siri zinapata vidonda. Malengelenge yanaungana, na ngozi inaanza kubanduka kama ya mtu aliyemwagikiwa na maji ya moto. Albert Stevens na Frank Johnson, madaktari wawili wa New York, waliieleza hali hiyo mwaka 1922 kwa watoto wawili, na jina lao limebaki. Inapozidi theluthi moja ya ngozi yote, karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu hufa. Wanaopona, wengine hubaki na macho yaliyokauka na kufanya makovu hadi upofu.

Haishangazi kwamba familia inayoona jambo hilo chumbani hutafuta maelezo mbali na dawa. Mtu ameungua bila moto; nani asiyewaza uchawi? Msafara wa kwenda kwa mganga huchukua siku mbili au tatu, na katika siku hizo dawa iliyosababisha huenda inaendelea kumezwa, kwa kuwa hakuna aliyesema iachwe. Lawama ya ucheleweshaji huo haiwezi kuwekwa yote juu ya familia. Aliyeandika dawa alikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja: ukipata upele pamoja na homa, au vidonda mdomoni au machoni, acha dawa hii na urudi leo hiihii.

Wanaofanya uharibifu huo ni seli za kinga za aina ya T, zile ambazo kazi yake halali ni kuua seli za mwili zilizokaliwa na virusi. Salfamethoksazoli, ambayo ni nusu ya septrini, inapochakatwa mwilini huzaa mabaki yanayong'ang'ania protini za seli. Protini iliyovishwa mabaki hayo huonekana ngeni. Seli T huiona ngozi yenyewe kama iliyovamiwa, na kuanza kuua seli za ngozi moja baada ya nyingine. Watafiti wa Taiwan walionesha mwaka 2008 kwamba maji ya malengelenge ya wagonjwa hao yamejaa granulisini, silaha ya seli T, na kwamba silaha hiyo pekee inatosha kuiua ngozi. Ngozi imebanduka kwa amri ya kinga ya mwili, na hakuna dawa ya kupaka itakayobadilisha amri hiyo. Kuacha dawa mapema ndiko tiba ya kwanza.

Kwa nini mikoa hii hasa? Kwa sababu ya virusi vya UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022–2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima kuwa asilimia 4.4 kwa nchi nzima, lakini asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya. Mtu anayeishi na virusi hivyo hupewa septrini ya kinga kwa miezi au miaka, na uwezekano wake wa kupata upele kwa dawa hiyo ni mkubwa mara nyingi kuliko wa mtu asiye navyo. Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Mojawapo ni kwamba akiba ya glutathioni, kemikali ambayo seli huitumia kuyazima mabaki hatari ya dawa, hupungua, na mabaki yakapata nafasi ya kung'ang'ania protini. Kwa maneno mengine, seli za mtu huyu zimebadilishwa kabla dawa haijaingia.

Afrika Mashariki ilijifunza somo hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma, na chini ya ushauri wa daktari Karel Styblo mpango huo ukawa kielelezo kwa dunia. Mojawapo ya dawa zake ilikuwa thiasetazoni, iliyopendwa kwa urahisi wa bei, na iliyotumiwa na maelfu bila matatizo makubwa. Kisha UKIMWI ukaingia. Mwaka 1991 watafiti waliokuwa Nairobi walichapisha matokeo yao: kati ya wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa thiasetazoni, asilimia 20 ya wenye virusi vya UKIMWI walipata mzio wa ngozi, dhidi ya asilimia 1 ya wasio navyo, na wapo waliokufa ngozi ikibanduka. Muda si mrefu Shirika la Afya Duniani likashauri dawa hiyo isipewe wenye virusi hivyo, na programu za nchi zikahamia kwenye ethambutoli. Thiasetazoni haikuwa imebadilika hata chembe. Ni watu walioimeza waliokuwa wamebadilika. Na habari hizo zilipatikana kwa sababu tu kulikuwa na watu waliohesabu, wakaandika dawa gani, siku ya ngapi, upele wa namna gani.

Asifikiri mtu, hata hivyo, kwamba kinga dhaifu ndiyo huleta mzio siku zote. Nevirapini, iliyomezwa na Watanzania wengi tangu tiba ya kufubaza virusi ilipoanza kusambazwa mwaka 2004, ilionesha sura nyingine: wanawake walioianza wakiwa na kinga ya juu ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kudhurika ini na ngozi. Ndiyo maana ilianzwa kwa nusu dozi siku 14 za mwanzo. Tangu mwaka 2019 dolutegraviri imeshika nafasi ya mbele na ajali hizo zimepungua, lakini septrini ipo palepale.

Lipo pia tukio linalowavunja moyo wagonjwa kuliko upele. Mtu ameanza dawa za kufubaza virusi, ameambiwa atapata nafuu, na wiki tatu baadaye tezi za shingo zinavimba, homa inarudi, kikohozi kinazidi. Virusi vinashuka, kinga inapanda, na kinga iliyopanda imekutana na vimelea vya kifua kikuu ambavyo ilikuwa imechoka kuviona. Ugonjwa uliokuwa umenyamaza kwa kukosa mpinzani sasa unapiga kelele. Akiwa ameshaonywa kwamba jambo hilo linaweza kutokea, atarudi kituoni kuchunguzwa. Akiwa hakuonywa, atasema dawa imemkataa na kuziacha zote kwa siku moja, ya virusi na ya kifua kikuu pia.

Basi neno "aleji – salfa" katika daftari linamwambia nini mhudumu wa kesho? Karibu hakuna. Huenda mgonjwa alibanduka ngozi, na dawa ile isimguse tena kamwe. Huenda alipata vipele vichache vilivyopotea vyenyewe, ambapo angeweza kurudishwa kwenye septrini kwa dozi ndogo zinazopanda polepole chini ya uangalizi. Huenda alitapika tu. Neno salfa lenyewe limezua mkanganyiko tangu mwaka 2001, SP ilipochukua nafasi ya klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria, na hofu ya kubabuka ngozi ikaenea hadi dawa mseto ilipoingia kuanzia mwishoni mwa 2006. SP bado inatolewa kwa wajawazito kama kinga. Mama aliyewahi kudhurika vibaya na septrini hapaswi kuimeza, kwa kuwa dawa hizo ni ndugu. Na mama anayemeza septrini kila siku haongezewi SP, kwa sababu hiyohiyo. Lakini salfeti iliyomo katika vidonge vya madini ya chuma haina undugu wowote na salfa, na mjamzito hapaswi kubaki na upungufu wa damu kwa sababu ya kufanana kwa majina.

Watakuwapo wahudumu watakaojibu kwamba foleni ni ndefu, kwamba muuguzi mmoja anaona watu kwa makumi kabla ya saa sita, na kwamba maelezo marefu ni anasa ya hospitali za rufaa. Pingamizi hilo lina uzito, na wanaopanga ikama wanapaswa kulisikia. Hata hivyo kinachoombwa kinaingia katika mstari mmoja wa daftari: jina la dawa, tarehe ya dozi ya kwanza, tarehe ya dalili ya kwanza, na dalili yenyewe kama ilivyoonekana. Tarehe mbili hizo zina thamani kuliko vipimo vingi. Dakika, zinaelekeza kwenye histamini. Saa chache baada ya sindano ya kaswende na nafuu kesho yake, zinaelekeza kwenye bakteria waliokufa. Wiki moja hadi nne pamoja na vidonda vya mdomo, zinaelekeza kwenye seli T, na hapo haifai kujaribu tena kwa bahati nasibu. Muuza duka la dawa muhimu anaweza kuuliza maswali hayohayo kabla ya kutoa kidonge, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Madhara yenyewe yanapotokea, ipo fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ambayo ofisi yake ya kanda iko Mbeya. Mhudumu asiyejaza anadhani amekwepa karatasi. Kumbe ameondoa ushahidi wa aina ileile uliowaokoa wagonjwa wa kifua kikuu na thiasetazoni. Wengine huogopa kwamba kujaza ni kukiri kosa. Mtu aliyetoa septrini kwa kufuata mwongozo, na mgonjwa akababuka, hajakosa. Atakosa akikaa kimya.

Mgonjwa naye ana nafasi yake, na si lazima ajue jina la seli hata moja. Aliyetoka wodini Iringa baada ya ngozi kubanduka anapaswa kuondoka na karatasi yenye mhuri, nakala moja ndani ya kadi yake ya kliniki ya tiba na matunzo na nyingine kwa ndugu anayeishi naye, iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka na mtu yeyote: "Septrini, ilianza tarehe 3 Machi, homa na vidonda vya mdomo tarehe 14 Machi, ngozi ilibanduka mgongoni na kifuani, asipewe tena septrini wala SP."